Ndege Watatu Chini ya Mawenzi

Kabla ya kuwa mkulima wa kahawa, Sirili wa Kilema alikuwa mchukuzi wa mizigo mlima Kilimanjaro. Kazi hiyo aliiacha mwaka 1934, mwaka aliopotea mdogo wake, Kornel.

Walikuwa wamemchukulia mizigo Mzungu mmoja aliyependa kupiga picha za ndege. Walipokuwa wakivuka uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, ukungu uliwafunika, kisha theluji ikaanza kuanguka. Kornel alikuwa nyuma, amebeba miguu ya mbao ya kusimamishia kamera. Wenzake walipofika pangoni na kuwasha moto, yeye hakutokea. Walimwita mpaka sauti zikawakauka.

Asubuhi kulikuwa kweupe. Mbali, juu ya mawe yaliyo chini ya Mawenzi, Sirili aliona ndege wakubwa wakizunguka angani.

"Bwana, twende pale," alisema.

Mzungu alitazama kwa darubini, akapiga picha, kisha akatikisa kichwa. "Wale ni tai tu, wanawinda panya. Mdogo wako amekwisha kushuka. Twende kabla theluji haijarudi."

Wakashuka. Nyumbani, Kornel hakuwepo.

Wanaume wa kijiji walipanda kumtafuta, na Sirili ndiye aliyewaongoza. Hakuwapeleka kwenye yale mawe, kwa kuwa bwana alikwisha sema ni tai tu. Aliwapeleka upande wa pili, kwenye njia ya Loitokitok ishukayo Kenya, ambako watu waliopotezwa na ukungu walizoea kutokea. Hawakuona kitu. Baadaye wachuuzi waliopita mpakani Holili walileta habari kwamba kuna kijana wa Kichagga anafanya kazi kwa walowezi huko Kenya, na sura yake ni ya Kornel kabisa. Mama yao, Veronika, aliishika habari hiyo, hakuiachia tena. Kila sikukuu alimtengea mwanawe nyama.

Aliyeumia zaidi ni Elizabeth, mke wa Kornel. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka uleule, hata mtoto hawajapata. Baada ya miaka kadhaa fundi seremala mmoja, aliyefiwa na mkewe, alitaka kumwoa. Walikwenda pamoja kwa padri.

"Mwanangu," padri alimwambia Elizabeth, "nani ameiona maiti ya mumeo?"

Hakuna aliyeiona. Seremala alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Elizabeth akabaki katika kihamba, shamba la ukoo wa mumewe, akipalilia migomba na kahawa, wala mke wala mjane.

Mwaka 1951 mwanamke mmoja Mwingereza, mtaalamu wa ndege, alifika Moshi. Yule mpiga picha alikuwa amefariki kwao Ulaya, na picha zake akaachiwa mwanamke huyu. Akawa anatafuta watu waliosafiri na marehemu, wamwonyeshe kila picha ilipigiwa wapi. Sirili aliitwa.

Walikaa barazani katika nyumba aliyofikia mgeni. Picha zilikuwa mbovu. Unyevu ulikuwa umeziingia, nyingine zimefifia, nyingine zina madoa ya kahawia. Ndege ambao Sirili aliwajua vizuri mlimani, humo walionekana kama vipande vya masizi. Mbili tatu aliweza kuzitambua kwa mandhari. Kisha akapewa moja yenye majabali na madoa matatu meusi angani.

"Hii ni chini ya Mawenzi," alisema. "Hawa ni tai."

"Na mimi nilidhani hivyo," mwanamke alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole. Akampa kioo cha kukuzia. "Lakini tazama. Tai akiruka, kichwa hutangulia, na mkia wake ni mrefu. Hawa vichwa vimezama mabegani, na mikia ni mifupi. Picha ni mbaya, siwezi kuapa. Ila wote watatu wako hivyo. Nadhani ni tumbusi, wale wala mizoga."

Sirili alitazama kwa muda mrefu. Vichwa havikuonekana.

"Tumbusi wanafuata nini kule juu? Hakuna wanyama."

"Ndilo linalonishangaza. Labda mnyama... labda pofu, yule swala mkubwa, aliyepotea akafa."

"Akiwa amekufa, mbona hawajashuka?"

"Huenda alikuwa bado hajafa," mwanamke alisema. Alipoinua macho na kuuona uso wa Sirili, aliuliza kuna nini. Sirili akamweleza. Yule mwanamke aliweka kioo mezani. Kisha akamsukumia ile picha. "Ichukue. Mawe yanaonekana, hata kama ndege hawaonekani."

Sirili alipanda na binamu yake. Walilinganisha majabali na picha, wakahama huku na huku mpaka mistari ya mawe ikakubaliana. Chini ya jabali lililoinama kama paa walikuta mifupa michache, mingine imeburutwa nje. Mfupa wa muundi, chini ya goti, ulikuwa umevunjika. Kando yake ulikuwa umefungwa mguu mmoja wa kamera, kwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye blanketi. Fundo lilikuwa limekazwa vizuri. Sirili aliikusanya mifupa katika gunia la kahawa.

Padri alikubali kwamba ni yeye, na Kornel akazikwa kihambani. Veronika alisimama kaburini akisema mwanawe yuko Kenya, kwamba wamemzika mtu baki. Alikufa kabla ya masika, bado akisema hivyo.

Jioni ya maziko, Elizabeth alimwita Sirili kando.

"Shemeji, alikufa upesi?"

Sirili alikuwa ameandaa uongo, lakini haukutoka. "Hapana. Alijifunga mguu mwenyewe. Alikuwa akingoja."

"Na ninyi mlikuwa wapi?"

"Niliwaona wale ndege. Nilimwambia bwana twende pale. Akasema ni tai."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

Elizabeth alifunga vizuri khanga yake kichwani. Watu walimwambia sasa yuko huru, anaweza kuolewa. Aliwauliza ni nani ataoa mwanamke mwenye mvi. Kahawa ilipokwisha kuchumwa alihamia kwa kaka yake Marangu, na Sirili alipokwenda kumsalimia hakutoka nje. Nyumba ya Kornel ilibaki imefungwa mpaka mvua ikabomoa ukuta wa nyuma.