Bwana Rula na Fisi wa Kwenye Fomu

Ungemkuta Bwana Rula popote, iwe kwa kinyozi, msibani au kwenye foleni ya maji, usingemaliza salamu kabla hajakueleza jinsi chui anavyotua mguu wa nyuma juu ya alama ya mguu wa mbele. Alieleza kwa mikono, kwa mabega, na ukimpa nafasi alitambaa kabisa. Watoto walimpenda kwa hilo. Dosari ilikuwa moja tu: chui mwenyewe hakuwahi kumwona, labda kwenye kalenda.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa nyayo katika ofisi ya wanyamapori. Mfugo ukiuawa, yeye ndiye aliyeitwa. Alifika na sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, akachuchumaa, akatoa rula ya chuma mfukoni mwa shati, akailaza kando ya unyayo mmoja, akapima, akajaza fomu, akatia sahihi. Kilichobaki kilikuwa cha askari mwenye bunduki. Fomu ilikuwa na visanduku vitano: simba, chui, fisi, nyani na mengineyo. Kwa miaka kumi na saba tiki yake ilianguka kwenye fisi. Nadhani hata kalamu ilishajua njia, angeiachia ingekwenda yenyewe.

Usidhani alikuwa mjinga. Wajinga wana heri, hawana la kuficha. Bwana Rula alisomea kazi hiyo na aliijua vizuri. Alijua kwamba fisi anaua kwa sababu ya tumbo, hivyo huua mmoja, humla na mifupa yake, na asubuhi unakuta doa la damu na kwato. Mbwa aliyeshiba anaua kwa mchezo. Hulikimbiza kundi, humng'ata huyu nyuma, humwacha, humrukia yule, halafu hurudi nyumbani kungojea chai kama watu wengine. Alijua pia kwamba fisi hutembea moja kwa moja kama mtu aliyetumwa dawa, na mbwa huzurura.

Lakini alijua na jambo la tatu, nalo hakulisomea chuoni: mbwa ana mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini aliandika "mbwa" chini ya mengineyo, na mbwa huyo alikuwa wa mwalimu mkuu. Miezi mitatu hakuna aliyemjibu salamu. Mwenye bucha, ambaye naye alifuga majibwa mawili, akawa anampimia mkewe mifupa mitupu na kumwambia nyama ndiyo hiyo. Bwana Rula akatubu. Fisi hana bucha, hana shule, hana shemeji kwenye kamati. Kuanzia hapo akawa mtu wa watu, akaitwa mtaalamu, na nyama ikarudi kwenye mifupa.

Fisi tisa walipigwa risasi kwa sahihi yake. Alibaki jike mmoja na watoto wake wawili kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Na hapa pana ajabu ambayo hakuna aliyetaka kuistaajabia: kadiri fisi walivyopungua, ndivyo kondoo walivyozidi kufa. Bwana Rula alikuwa na maelezo, maana hakukosa maelezo hata siku moja. Alisema wale waliobaki wanafanya kazi ya wenzao.

Nyumbani alikuwa na jibwa la rangi ya kahawia aliloliita Karani, kwa sababu lilimfuata ofisini kila siku na kulala chini ya meza yake hadi saa ya kutoka. Alilipenda jibwa hilo kuliko alivyoipenda sare yake, na hiyo si kauli ndogo. Watoto wake walishahamia mbali na kupiga simu ilikuwa mara moja moja, ila Karani hakukosa hata siku moja kumlaki mlangoni kwa mwili mzima.

"Hivi wewe," mkewe alimuuliza siku moja, "mbwa wa kulala mchana kutwa namna hii, usiku anafanya nini?"

"Analinda."

"Analinda wapi? Maana alfajiri namwona anaingia kwa chini ya ua, amelowa mpaka masikio."

"Mbwa ana mizunguko yake," akasema mtaalamu, akafungua gazeti.

Basi asubuhi moja baada ya mvua, aliitwa kwa shangazi wa mkewe. Huyu alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inapiga kelele, na kwa hiyo hakumwogopa mtu yeyote. Alikuwa na kondoo saba. Watano walilala kwenye tope nje ya zizi, manyoya yametapakaa kila mahali. Mmoja wao alimlea kwa chupa tangu mama yake alipomkataa. Huyo alikuwa ameng'atwa mapajani na kuachwa, na hakuna aliyemla hata mnofu.

"Shikamoo, shangazi. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Pole sijaipokea bado. Tazama kwanza."

Watu walikwisha kujaa uani, mwenye bucha mbele yao na aproni yake. Askari alisimama pembeni na bunduki begani, mtu mkimya aliyeamini karatasi kuliko macho yake. Bwana Rula akachuchumaa, akatoa rula, akailaza kwenye tope laini kando ya unyayo wa mguu wa mbele wa kushoto. Vidole vinne. Kucha tatu.

Ukucha wa nne haukuwapo. Uling'olewa na mlango wa ofisi mwaka juzi, na yeye ndiye aliyeufunga bendeji mguu ule, huku akilia machozi ambayo mbwa mwenyewe hakuyalia.

Kwa mbwa anayeua mifugo kanuni ilikuwa fupi: mwenye mifugo akitaka, mtu wa ofisi ya mifugo huja na sindano, na mbwa haamki tena. Akaandika haraka kuliko siku zote: fisi, apigwe leo. Akachana nakala, akampa askari.

"Machimboni," akasema bila kuinua macho. "Yule jike."

"Umeshamaliza?" shangazi akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Fisi gani anaua watano na hali hata mmoja?"

"Fisi wa siku hizi wamebadilika. Wanachagua."

"Wanachagua nini, mwanangu? Nyama ni ileile." Akaitazama ardhi. "Hebu zifuate."

"Nini?"

"Nyayo. Zimetoka mahali na zimekwenda mahali. Mvua imetusaidia, zinaonekana kama mihuri. Zifuate tuone."

Kwa miaka kumi na minane Bwana Rula alipima nyayo, wala hakuzifuata hata hatua kumi. Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kufuata. Lakini atakataa vipi, na mtaa mzima umemkodolea macho? Akaweka kofia sawa, akatangulia, na umati ukamfuata nyuma kama unakwenda kumposea mke.

Nyayo zilianza kwa kwenda kushoto, zikakata kulia, zikarudi zilikotoka, zikaruka mfereji bila sababu, zikarudi kuuruka tena.

"Mbona anayumba?" askari akauliza.

"Anapoteza harufu yake. Fisi ni mjanja."

Kwenye kila nguzo ya ua zilisimama, na pembeni pakawa na alama za miguu mitatu tu, wa nne ukiwa umeinuliwa. Bwana Rula akaeleza kuhusu mipaka ya himaya. Mbele ya bucha zilizunguka gogo la kukatia nyama mara tatu, kisha pakawa na alama ya makalio, wazi kabisa, ya mnyama aliyeketi.

"Alikaa hapa kunisubiri nifungue?" mwenye bucha akauliza.

"Fisi ni mvumilivu sana."

Nyuma ya shule nyayo zilikutana na nyingine mbili, kubwa zaidi, na tope lote pale likawa limevurugwa kwa kurukiana na kugaagaa.

"Hapa wamepigana," akasema Bwana Rula.

"Wamecheza," akasema shangazi. "Hata mimi kipofu wa jicho moja naona wamecheza. Tena hawa wengine wametoka kule kwenye bucha."

Mwenye bucha akakohoa. Tangu hapo hakutembea tena mbele.

Zikapita kwa fundi cherehani, zikapita kwenye bomba la maji, zikaingia uchochoro ambao Bwana Rula aliujua hata akiwa amefumba macho. Hatua zake zikawa fupi. Akainama hapa, akainama pale, akajikuna shingo.

"Zimepotea," akatangaza. "Mvua imezifuta. Inasikitisha, lakini ndiyo kazi yetu ilivyo."

Shangazi akanyoosha fimbo. "Hazijapotea. Hizi hapa. Zimeingia kwako."

Chini ya ua palikuwa na shimo lililolainishwa na mwili mmoja kupita mara nyingi. Mkewe akatoka na beseni la nguo, akauona umati.

"Nyie, kulikoni? Nani kafa?"

Kabla hajajibiwa, Karani akatoka chini ya baraza. Kifua kilikuwa kimelowa, masikio yamelowa, na kwenye kola yake kishungi cha manyoya meupe kilikuwa kinapepea. Hakumtazama mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Rula, akamwekea mguu wa kushoto juu ya kiatu, ule wenye kucha tatu, akatikisa mkia mpaka kiuno kikacheza.

Askari akashusha bunduki begani. Akaifungua ile nakala, akaisoma taratibu kwa kidole, akaikunja.

"Mzee, sogea."

"Nisogee nini?"

"Umeandika mwenye nyayo hizi ni fisi, apigwe leo. Nyayo zimeishia hapa. Kwa hiyo fisi ni huyu."

"Huyu? Huyu ni Karani! Unamfahamu! Jana tu umempa mkate!"

"Jana sikuwa na karatasi," askari akasema. Hakuwa anatania. "Sahihi ni yako, mzee. Sogea."

Akakoki bunduki. Na hapo mtaalamu, kwa sare yake iliyopigwa pasi, akajitupa kwa magoti kwenye tope, akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono miwili, rula ikaruka huko.

"Ni mbwa!" akapiga kelele. "Hamuoni? Fisi mabega yako juu na nyuma kumeshuka! Fisi hazururi! Fisi haachi nyama! Kila mwenye macho anajua nyayo za mbwa, na hizi ni za mbwa, zimekuwa za mbwa siku zote!"

Alijisikia mwenyewe alichosema. Karani akamlamba shavu.

"Siku zote?" shangazi akauliza polepole.

Mwenye bucha alikuwa ameona kitu cha kumvutia sana angani. Mwalimu mkuu, aliyejiunga na msafara pale shuleni, akaanza kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Haya, andika," akasema shangazi.

"Hakuna kisanduku cha mbwa."

"Chora."

Akaiokota rula kwenye tope, akaifuta kwa mkono wa shati. Fomu akaiweka juu ya beseni la mkewe lililopinduliwa, akachora mistari minne, kisanduku cha sita. Pembeni yake akaandika neno lenye herufi nne, akatia tiki. Kisha akapiga mstari juu ya fisi. Mtu aliyewahi kumwona akipima atashangaa, lakini kisanduku kile kilikwenda upande.

Askari akaisoma mara mbili, akatoa risasi kwenye bunduki.

"Mbwa si wangu," akasema. "Mbwa ni wa ofisi ya mifugo. Mwenye kondoo ndiye anasema."

Wote wakamgeukia shangazi. Mama yule alimtazama Karani, kisha akamtazama mtu aliyemshika, ambaye machozi na tope vilikuwa vimemfanya asitambulike. Bwana Rula hakuwa na maelezo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na maelezo yoyote.

"Nakuomba, shangazi," akasema. "Ndiye niliye naye."

"Na mimi yule wa chupa ndiye niliyekuwa naye." Akapangusa jicho lake zima kwa ncha ya kitambaa. "Afungwe. Mchana na usiku. Hata akichomwa sindano, wangu hawaamki."

Bwana Rula akataka kumshika miguu, lakini shangazi akarudi nyuma hatua moja.

"Sijamaliza. Wale tisa, je?"

"Tisa wepi?"

"Fisi. Uliowaandika. Walikosa nini?"

Akainamisha kichwa kwenye manyoya ya mbwa. "Hawakukosa kitu, shangazi."

"Ila hawakuwa na mtu wa kuwapigia magoti."

Akaondoka na fimbo yake, tope likiita chini ya viatu. Watu nao wakatawanyika bila kuagana, kila mmoja akiharakisha kwake na macho ameyaelekeza chini, kwenye nyayo zilizopita mbele ya mlango wake. Saa sita mchana mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amekwisha kuuza minyororo yote, hata ile yenye kutu iliyokaa dirishani miaka.