Makinda wa Shorobo Kwenye Mkuyu wa Mtoni

Mwezi Machi mwaka 1956 tulimzika Mwita, mwenzangu wa kazi, aliyekufa kwa malale. Nitaeleza kazi yenyewe, maana vijana wengi hawaijui.

Siku yangu ya kwanza, mkubwa wetu Mzungu, tuliyemwita Bwana Mbung'o, alinipa wavu mdogo wa mkono akanipanga na Mwita. Tulitembea wawili wawili kando ya vijito vinavyoingia Mto Mara. Wa mbele alijifunga kitambaa cheusi mgongoni, kwa sababu mbung'o, wale nzi wanaoambukiza malale, hufuata rangi nzito. Wa nyuma aliwanasa walipotua. Hivyo ndivyo wakubwa walivyojua mahali mbung'o walipojaa. Mwita alipenda kutangulia, na mgongo wake niliujua kuliko uso wake.

"Ukimkosa mmoja akaniuma, Marwa, nitamwambia mama yako unalala kazini," alinitania.

Yeye ndiye aliyenionyesha ndege aitwaye shorobo. Akitulia tawini utamwona wa bluu iliyoiva, karibu na zambarau, mdomo wa njano na kishungi chekundu. Akiruka ndipo mabawa yanafunguka mekundu kama moto. Hakai mbugani. Anataka msitu wa mtoni wenye mikuyu, ale matunda yake, na chini hashuki ila kunywa maji. Hukimbia juu ya matawi kama kindi. Kiota chake ni vijiti vilivyotupwa ovyo, hata mayai unaweza kuyaona ukiwa chini. Dume na jike hulea pamoja.

"Makinda wao hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka," Mwita aliniambia. "Wanatambaa tawi kwa tawi. Ukiona kiota kitupu, usidhani wameondoka."

Homa ilimwanza wakati wa kiangazi. Baadaye akawa anasinzia mchana, tonge la ugali mkononi. Tulimfikisha hospitali, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani.

Baada ya mazishi Bwana Mbung'o alitoa amri kwa Kiswahili chake: "Kata yote. Hapana kivuli, hapana mbung'o."

Nilihamishiwa kwenye kundi la shoka. Tulikata ukingo wetu wote. Ng'ambo ya kijito haikuwa sehemu yetu. Siku moja tulifika kwenye mkuyu mkubwa uliokuwa na kiota.

"Kiota kitupu," nyapara wetu alisema. "Kateni."

Nilimwonyesha makinda wawili wakiwa tawini, wameshikana kama watoto wanaoogopa maji. "Hawawezi kuruka bado, mzee. Nipe muda kidogo."

"Wewe Marwa! Mwenzako yuko kaburini kwa ajili ya kivuli hiki, nawe unakihurumia?"

"Kivuli sikihurumii. Nitakikata mwenyewe. Nawahurumia wale wawili."

Wenzangu walicheka. Mmoja akauliza kama nimeshapeleka ng'ombe wa mahari kwa wazazi wao. Nyapara hakucheka. Alitazama juu, akasema, "Mpaka watu wamalize kula."

Tulikata mti mwembamba, tukauegemeza kutoka matawi ya mkuyu hadi miti ya ng'ambo, ambako wazazi wao walikuwa wakiita kwa sauti nzito. Kinda mmoja alitambaa juu yake, akasimama katikati, kisha akavuka. Wa pili alifika mwanzo wa ule mti akarudi kileleni.

Niliendelea na kazi ya mbung'o mpaka nilipostaafu. Wajukuu huniuliza kama tulikosea kukata ile miti. Leo ng'ombe wanalishwa kule, na malale sijaisikia tena kijijini kwetu. Siwezi kusema tulikosea. Lakini shorobo ukingo ule hawapo, na hilo nalo ni kweli.

Siku ile, watu walimaliza kula. Nyapara alinitazama akasema kwa upole, "Basi, kijana." Nilipiga shoka la kwanza kama nilivyoahidi. Mkuyu ulipoanguka nilimtafuta yule kinda kwenye matawi, nikamkuta amekufa, manyoya mekundu ndiyo kwanza yanachipua. Nilichimba kwa ncha ya panga, nikamfukia. Kisha nikaokota shoka, nikawafuata wenzangu kwenye mti uliofuata.