Klarineti Iliyolia Sauti Mbili Kola

Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa na sharti moja: nipige klarineti kanisani kwetu Kola kwanza, akina mama wenzake wasikie, ndipo aniruhusu kwenda Nairobi kusomea muziki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya hicho.

Ningepiga wimbo wa kitabuni, kile cha nyimbo za kanisa, yangeisha. Lakini kichwa changu, aki, kilikuwa kigumu! Mwalimu wetu wa bendi alikuwa amenifundisha muziki mpya wa klarineti peke yake: unapiga ulimi hadi kijiti cha mdomoni kinalia pa! kama mahindi kikaangoni, unagonga vitufe bila kupuliza, unaimba kooni huku unapuliza, na bomba moja linatoa sauti mbili zinazogombana. Nilikuwa naupenda muziki huo kufa. Basi nikaupiga huo.

Zilipotoka tu zile sauti mbili, mama mmoja wa mstari wa mbele akaruka: "Ashindwe!" Wenzake wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakikemea pepo. Masikioni mwao hiyo ilikuwa kilumi, ngoma ya kuita mizimu waliyoiacha walipookoka. Nami nimetoa macho, sijui nicheke au nilie. Mwaitu akaja, akaninyang'anya klarineti, akaitia kwenye kiondo chake, tukatoka. Njia nzima alitembea mbele yangu, kiondo kwapani. Nairobi imekwisha, nikajua, na nikalia mpaka kamasi.

Nyumbani akafunga mlango, akaitoa kiondoni. "Piga tena pale ililia mbili."

Nikapiga. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu, halafu mabega yake, mabega ya mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, yakatikisika! Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Susu yako alikuwa anaimba hivyo ngoma ikipanda," akasema. Susu ni nyanya. "Tangu niokoke sijasikia. Enda Nairobi, mwana wakwa. Lakini hao wakikuuliza, sema nilikuchapa."

Miaka mingi baadaye, tulipomzika Mwaitu, akina mama walewale, sasa wazee, waliniomba wimbo wa kitabuni. Nikaupiga wote. Watu walipokwenda kula nikabaki kaburini, nikampigia pale ililia mbili. Nilikuwa na hamu naye jamani. Kugeuka, yule mama wa "ashindwe" alikuwa amesimama nyuma yangu na mkongojo wake. Hakukemea. Mguu wake ulikuwa unagonga udongo.