Jina Alilopewa Mwanangu kwenye Sanamu ya Mpagazi

Msiniambie lilikuwa jua. Kila ninayemsimulia habari hii huniambia hivyo: lilikuwa jua, mama, ulichoka, ulikuwa unanyonyesha. Nilichoka, ndiyo. Lakini nilikuwa macho, na akili zangu timamu, na niliyoyaona niliyaona mchana kweupe kwenye njia ya Kagongwa kwenda Shinyanga.

Mwanangu Yohana alikuwa na miezi minne. Siku tatu analia, homa imempanda, titi hataki. Mama mkwe wangu akasema ugonjwa ule si wa dawa. Kwetu Usukuma mtoto akilia hivyo husemwa kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Mtoto akipewa jina hilo, hunyamaza. "Anataka Luhende," akasema. Luhende ni mumewe, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, asirudi.

"Mayu, mama yangu," nikamjibu, "mtoto amebatizwa. Jina analo. Anachotaka ni hospitali." Nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho, na mdomo wangu haujui kungoja. Tukapanda lori la karanga, yeye kanuna upande wake, mimi upande wangu, mtoto analia katikati.

Njia ile serikali inapenda kuipamba. Kwanza unakuta nguzo ya Wajerumani, imeinama, mbuzi wanajikunia. Mbele kuna mnara wa Waingereza, wa kutujulisha kwamba wao ndio walioshinda. Halafu, kwenye njia panda, sanamu mbili za saruji zilizopakwa chokaa juu ya jiwe kubwa: askari na bunduki yake mbele, mpagazi na mzigo wake kichwani nyuma. Saruji ya sanamu ilipatikana. Ya kujengea zahanati Kagongwa haijapatikana. Hebu niambieni, ningekosaje hasira?

Hapo ndipo maji ya lori yalipochemka. Dereva, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, akasema, "Mama Yohana, mwanao huyu angekuwa honi ningemnunua." Akachukua debe kwenda kisimani, mama mkwe akaenda naye kumwonyesha njia. Nikabaki peke yangu. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha sanamu. Nikakaa.

Mtu akatokea nyuma ya jiwe. Mzee au kijana? Mpaka leo siwezi kusema. Kaptula imechakaa, ngata iko kichwani, mzigo hana.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, kwa Kisukuma cha mtu aliyejifunzia njiani.

"Mwadila."

"Mtoto analilia nini?"

Alikuwa wa ngapi kuniuliza swali hilo tangu asubuhi? Nikamjibu kwa kejeli, "Wanasema anataka jina."

"Mpe, basi."

"Mpe wewe, kama unalo!"

Niaminini, nilisema tu kama mtu anavyofukuza nzi. Yeye hakuyachukulia hivyo. Alinyoosha mikono, na mimi, sijui kwa nini, nikamwachia mwanangu. Vidole vyake viligusa vyangu: vya baridi, vinakwaruza kama jiwe la kusagia. Akamwinamia mtoto sikioni, akasema neno moja. Sikulisikia. Yohana akanyamaza. Yule mtu akanirudishia, akainua mikono kama anayejitwisha kitu kizito, akazunguka nyuma ya jiwe. Nikamfuata mbio. Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi hapakuwa na nyayo ila zangu.

Mama mkwe aliporudi alimkuta mtoto ananyonya. Akamgeuza. Mgongoni palikuwa na alama za vidole vitano vya chokaa. Tukatazama juu wote wawili. Mikono ya mpagazi wa saruji ilikuwa imechubuka, chokaa yote imetoka.

"Umemwambia nini?" akauliza. Nikamweleza. Akakaa vumbini. "Bebe, wewe! Nimekuomba jina la baba mkwe wako umekataa, ukaenda kuomba la mpita njia?"

Shinyanga, dresa wa hospitali alimpima mtoto, akacheka, akasema nimemletea mtoto mzima.

Mzima, kweli. Sasa ana miaka mitano. Anasikia kengele ya ng'ombe aliye mbali, anasikia sufuria ikifunuliwa. Lakini mwite Yohana, hageuki. Bibi yake alimwita Luhende kutwa nzima, hakugeuka, na yule mama akalia kama aliyefiwa siku ileile. Mwaka jana mtoto alikuwa anayaelekea magurudumu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nikamkimbilia, nikamdaka shati. Siku nyingine sitafika.

Nilirudi kwenye sanamu kusoma. Jiwe halina jina hata moja. Nikaenda bomani kuomba orodha ya wapagazi. Karani hakuinua hata kichwa. "Mama, askari waliandikwa. Wapagazi walihesabiwa tu."

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye mtoto mchanga: ukipita penye sanamu ya watu ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika, usijibu kwa hasira, na usimwachie mtu mwanao. Na kama kwenu kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, nitajie jina lake. Hata la utani, hata kama huna hakika nalo. Nitasimama mlangoni nimwite mwanangu kwa jina hilo, nione kama atageuka.