Vikombe Kwenye Kiti cha Mtoto

Juzi bwana mmoja alinipa lifti kutoka Dar kuja Bagamoyo. Alikuwa amemnunulia mwanawe kiti cha gari chenye mikanda, lakini humo kafunga vikombe vya kaure vya harusi ya dada yake. Mtoto kapakatwa na mama yake, mbele.

“Vikivunjika njiani ni nuksi kwa bibi harusi,” akanieleza.

“Na mtoto je?”

“Si kashikwa na mama yake?”

Tulipofika Kerege mbuzi akakatiza, breki zikalia, mtoto akajigonga mdomo kwenye dashibodi. Baba mtu akageukia nyuma kwanza, akafunua kitambaa.

“Alhamdulillahi, vizima!”

Nilitamani nivipasue kimoja kimoja. Kiti kilifanya kazi yake barabara. Mwenye kiti alikuwa anafutwa damu kwa kanga.