Kiuno cha Bwana Pindo

Simu ilipolia, binti alikuwa ameinamia cherehani, anashona kola. Mama yake alisema taratibu, "Baba yako hakuamka, mwanangu. Mungu amemchukua usingizini."

Binti aliondoa mguu kwenye pedali. Alilia, kisha akamshukuru Mungu kwa miaka aliyowaongezea.

Maana baba huyo, fundi wa suruali ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Pindo, angekuwa amekufa zamani. Alipopigwa picha ya figo, madaktari walikuta mshipa wake mkuu wa damu umetuna tumboni. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba uvimbe ungali mdogo, kwa hiyo wangekuwa wanaupima kila baada ya miezi sita. Ukipanuka, wautengeneze kabla haujapasuka.

Neno kupima ndilo lililomponza. Kila Jumapili baada ya ibada alijizungushia futi yake kiunoni, na kwa kuwa kiuno hakikuongezeka, akaacha kwenda hospitali.

"Baba, hapo unapima suruali, hupimi mshipa," binti alimwambia.

"Nimepima viuno kabla hujazaliwa. Wewe wa juzi ndio unifundishe?"

"Basi twende ukabishane na daktari. Ukimshinda, nakushonea koti bure."

Mzee alicheka, akatafuta viatu.

Picha ilionyesha mshipa umefikia upana wa hatari. Uso ulimshuka. Ndipo daktari akamwekea mkononi mrija wa kitambaa, akasema watafungua tumbo, waubane mshipa kwa muda, kisha waushonee mrija huo mahali palipotuna.

Mzee aliuvuta huku na huku. "Hautafumuka?"

"Uzi wake hauozi, mzee wangu."

"Mnashona kwa mashine?"

"Kwa mkono."

"Haya. Ila msinibane kiunoni."

Binti alisali nje ya chumba cha upasuaji mpaka kitanda kilipotoka, baba akiwa hai. Kidonda kilipopona mzee alirudi dukani, akawa anawatambia wateja kwamba yeye peke yake ndiye aliyetiwa bitana tumboni. Akazeeka vizuri, akicheka.

Kabla ya mazishi, binti aliitoa suti ambayo baba alijishonea mwenyewe. Uzee ulikuwa umempunguza mwili. Alimzungushia futi kiunoni mara ya mwisho, akaipunguza suruali, akaipiga pasi. Wakamvalisha, wakasali, wakamzika alasiri.