Kondo na Madawati ya Mtondoo

Kondo alikuwa na mkono mwepesi, na kijiji kizima cha Mtondoo, kule kwenye delta ya mto, kilikuwa na ushahidi. Kuna aliyeng'olewa meno huko Nyamisati wakigombania mzigo wa boriti. Kuna shemeji yake aliyetupwa majini na baiskeli yake, tena baiskeli mpya. Kuna siku alirushiwa panga, naye badala ya kukwepa kama mtu mwenye akili zake, akalidaka. Kiganja kilishonwa, aliyerusha panga alivunjwa mbavu, na jioni Kondo akala wali samaki kama kawaida.

Usidhani alizaliwa hivyo. Baba yake alimpiga tangu hajajua kuvaa suruali, kisha mwalimu wa darasa la nne akaendeleza kazi. Mwalimu yule alimchapa fimbo mpaka akajikojolea mbele ya wasichana, kosa lenyewe kuchelewa kwa sababu maji yalijaa na mtumbwi haukupatikana. Kondo aliruka dirisha akakimbilia mikokoni kwa wakata boriti, na shule ikamkosa moja kwa moja. Huko alijifunza kwamba anayepiga kwanza ndiye anayesikilizwa. Hakuna aliyemfundisha vingine.

Kitu kimoja tu kilimlainisha, binti yake Rukaiya. Katika ukoo wa Kondo hakuna aliyewahi kumaliza darasa la saba, na Rukaiya alikuwa amelifikia, tena akiongoza kwa hesabu. Mafuriko yalipobomoa madarasa ya shule ya serikali ya Mtondoo na kuondoka na madawati, wazazi waliombwa wajitolee. Kondo alipasua mbao za mkomafi mwenyewe, akachonga madawati usiku na mchana, na aliyethubutu kusema miguu ya dawati fulani haiko sawa alikula kofi. Watoto wakasomea chini ya turubai. Kondo akaapa kwamba mwanawe atafanya mtihani wa taifa hata kama yeye itabidi akae gerezani, na watu wakacheka wakiona ni maneno tu.

Sasa, watu wa delta wana desturi yao. Mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji kinahama. Watu huenda kukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, kuwinga ndege na kufukuza nguruwe, na hawarudi mpaka mavuno yaishe. Mtondoo hubaki na vikongwe, kuku na wanafunzi wa darasa la saba. Kila mtu kuanzia Mbuchi hadi Nyamisati analijua hilo, isipokuwa halmashauri, ambayo ina kalenda yake na haijawahi kumwuliza mtu mpunga unaendaje.

Basi ni mwezi huohuo halmashauri ilipoitisha mkutano wa kijiji. Ng'ambo ya mkondo, kwenye ardhi ya mwinuko, kulikuwa na shule ya Nuru, shule binafsi ya taasisi ya Kiislamu, yenye madarasa imara na wanafunzi wachache. Meneja wake, Abdulswamadu, alikuwa amekubaliana na Theopista, mwalimu mkuu wa shule ya serikali, mama wa Kihaya aliyekuja Mtondoo msichana na kuota mvi hapo. Nuru itoe madarasa, jiko, na mashua ya kuvusha watoto. Serikali ilete walimu, vitabu na ile ruzuku ya kila mwanafunzi. Watoto wote wasome pamoja, wanywe uji mmoja, na pasiwe na ada kwa wa Mtondoo. Ulikuwa mpango mzuri. Vikongwe walinyoosha mikono, ofisa akapiga picha, na kabla wiki haijaisha madawati, milango na kengele vikavushwa ng'ambo.

Hakuna aliyefikiria kusubiri mavuno. Hakuna aliyepeleka hata mtoto kwenye madungu kusema, jamani, tumefanya hivi na hivi. Theopista alidhani mwenyekiti wa kijiji atasema, mwenyekiti alidhani Theopista atasema, na Rukaiya, aliyebaki kwa bibi yake, alidhani baba anajua.

Kondo aliposhuka na magunia yake, hakufika hata nyumbani. Alipita shuleni, akakuta turubai limekunjwa na sakafu tupu. Rafiki yake Saidy, aliyemtangulia kurudi kwa siku moja na tayari alikuwa na maneno mdomoni, alimsubiri palepale.

"Shule wameiuza," Saidy alisema. "Meneja wa Nuru kachukua kila kitu. Madawati yako nimeyaona kwa macho yangu, wameyakalia watoto wa watu."

"Nani kauza?"

"Unaniuliza mie? Mie nilikuwa dunguni kama wewe."

Damu ilimchemka Kondo. Alikata upondo wa mtumbwi nusu ili uweze kuzungushwa vizuri, na wanaume waliorudi kutoka mashambani wakamfuata na makafi na mapanga yao. Walivuka mkondo kwa mitumbwi mchana kweupe, saa ya masomo, na hakuna hata mmoja aliyesema tuulize kwanza.

Theopista ndiye aliyetoka kuwapokea. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili.

"Bwana Kondo, hii ni shule yenu. Tulia nikueleze."

Saidy alimsukuma, mwalimu akaangukia kona ya ukuta, na damu ikamtoka kichwani ikashuka hadi kwenye kola ya gauni. Hapo kila mtu akawa kichaa. Mawe yalipita madirishani. Watoto walipiga mayowe na kujificha chini ya madawati yaleyale yaliyokuja kukombolewa. Mtu alipiga mlango kwa panga mpaka bawaba zikaachia. Abdulswamadu alitoka ofisini na kanzu yake nyeupe, hajui linalotokea, na Kondo akamkaribisha na upondo mdomoni. Meno yalidondoka. Pigo la pili lilimkuta mbavuni, akaenda chini, na Kondo akasikia ile raha mbaya anayoisikia kila mara mtu anapoanguka. Akainua la tatu.

Rukaiya alitoka mbio darasani akamlalia meneja. Upondo ulikuwa umeshashuka. Mfupa wa bega lake ulivunjika na kila mtu aliusikia.

Hakulia mara moja. Alimtazama baba yake juu chini, akasema polepole, "Baba, unavunja shule yangu." Kisha akazimia.

Walimpakia kwenye mashua ya Nuru, yeye na Abdulswamadu bega kwa bega, kupelekwa hospitali. Kondo alitaka kupanda. Theopista, kitambaa cha kichwa kimelowa damu, alimzuia kwa kifua.

"Wewe utabaki," alisema, na mtu yule aliyedaka panga akabaki.

Nyumbani mkewe Mwanamina alimsubiri na mwiko wa ugali. Alimpiga usoni, akampiga masikioni, akampiga mpaka mwiko ukakatika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Kondo alisimama tu. Alikuwa na aibu ambayo hajawahi kuijua, aibu inayokufanya utamani mtu aendelee kukupiga.

Rukaiya alirudi na mkono umefungwa kifuani. Ni yeye aliyemweleza baba yake mkataba wote, akiwa amelala kwenye mkeka amegeukia ukuta. Serikali inatoa nini, Nuru inatoa nini. Kwamba alikuwa akikaa kwenye dawati la mkomafi, mstari wa mbele. Kwamba shule mbili zilipoungana zilibishana sana juu ya fimbo, wengine wakitaka ibaki, na mwisho wakaafikiana kwamba mtoto hachapwi.

"Hachapwi kabisa?" Kondo aliuliza.

"Kabisa. Sasa wamefunga shule. Mtihani umekaribia, nami nipo hapa kwenye mkeka."

Wazazi wa Nuru walikuwa wamegoma. Watoto wao walikatwa na vioo, meneja wao alikuwa anakunywa uji kwa mrija, na walisema hawakai chumba kimoja na watu wa Mtondoo mpaka waliofanya vile wajitokeze. Wasipojitokeza, kila shule irudi kwake. Kwa Mtondoo, kwake maana yake ni turubai.

Safari hii mkutano uliitishwa mpunga ukiwa ghalani, na uwanja ulijaa. Abdulswamadu alikuja, mdomo umevimba, akazungumza kwa shida.

"Mimi nimesamehe yangu," alisema. "Lakini wazee wetu wanataka jina, tena mwenyewe alitaje hapa mbele ya watu. Bila jina, milango haifunguliwi. Nimewasihi, wamekataa."

Waliovuka mkondo na mapanga walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao kana kwamba wameviona leo. Saidy alimkazia macho Kondo, na maana yake ilikuwa wazi: fumba mdomo.

Kondo alisimama. "Ni mimi," alisema.

"Na nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi. Andika hilo."

Wenzake hawakumwamini. Walijua polisi wakimminya atawataja, na hofu ikawatoa akili. Saidy alikuwa wa kwanza kumrukia. Alimpiga ngumi ya jicho, wengine wakaja na magongo, na Kondo akaangushwa mbele ya kijiji kizima. Kila aliyemjua alisubiri anyanyuke avunje watu. Alikuwa na uwezo huo, na alikuwa na hamu hiyo, ilimwasha mwili mzima. Lakini alimwona Abdulswamadu ameshanyanyuka kwenye kiti, na wazee wa Nuru nyuma yake wanatafuta viatu vyao. Ngumi moja tu ya Kondo, wangeondoka wasirudi. Akaingiza mikono chini ya tumbo, akailalia, akala kichapo chote mpaka wanawake walipoingia kati wakiongozwa na Mwanamina. Sikio lake la kushoto halisikii tangu siku hiyo.

Wazee wa Nuru walikaa tena. Jina lilikuwa limepatikana, na milango ikafunguliwa.

Askari walikuja kumchukua siku ya shule, asubuhi, kumpeleka kituoni Kibiti. Boti yao ilipitia ng'ambo, ikafungwa chini ya madarasa, na wakamwacha asimame kidogo ukingoni. Aliangalia huku na huku kwa jicho moja, lile jingine bado limefumba. Mwanamina alikuwepo, analia. Theopista aliteremka peke yake, kovu bichi kwenye paji la uso.

"Rukaiya yuko wapi, mwalimu?"

"Darasani. Nilimwambia atoke aje kukuaga, akakataa. Anasema tuko kwenye hesabu. Nikamwite tena?"

Kutoka juu ilisikika sauti ya watoto wakijibu kwa pamoja. Machozi yalimtoka Kondo, naye hakuyafuta.

"Usimwite," alisema, akapanda boti.